"Open" ni "kai", basi! Halafu mshahara unaokatwa ni wangu

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Nafundisha Kiingereza mtandaoni, wanafunzi wangu ni Wachina watu wazima, wengi wao wafanyabiashara wa Guangzhou. Kituo kimetupa kitabu cha msamiati: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kichina. "Open" ni "kai". Mstari umeisha, nenda neno linalofuata.

Sasa hiyo "kai" ni baba lao. Mchina ana-kai mlango, ana-kai taa, ana-kai gari (yaani anaendesha), ana-kai mkutano, na daktari ana-kai dawa, yaani anakuandikia. Maji yakichemka, kai. Maua yakichanua, kai. Mtu akishakariri mstari ule atakosaje kusema "open the light" na "open the car"? Na mtego wenyewe ni kwamba kuna mahali inakubali. Akaunti ya benki kwao ni "kai", kwa Mwingereza ni "open", na sisi pia tunafungua. Ndiyo maana hashtuki.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu, muuza vipuri, alimwandikia mteja "I open meeting now", akimaanisha yuko kikaoni. Mteja akampa hongera, akidhani ndiye mgeni rasmi! Alinionyesha ule ujumbe uso umemwiva. Nikaweka kitabu pembeni, somo zima la dakika 25 likaenda kwenye "open" peke yake: mlango, chupa, akaunti, sawa; taa ni "turn on", gari ni "drive", kikaoni "I'm in a meeting". Alielewa, tena akacheka sana nilipomwambia bibi yangu mpaka leo "anafungua" redio.

Msimamizi kasikiliza rekodi, kanikata malipo ya somo. Eti muda wa maneno 12 nimeumalizia kwenye neno moja, na mtihani hauulizi hadithi. Mtihani gani jamani? Mtu anataka kuuza vipuri!

Kesho ratiba inasema "take", na kitabu kimeandika "na", yaani kuchukua. Mwingereza basi la abiria ana-take, picha ana-take, dawa ana-take. Kwa Kichina basi unalikalia, picha unapiga kama sisi, dawa unakula. Nimepewa dakika 2.