Tumevuka makundi bila kumfunga mtu, mnapiga honi mpaka saa saba usiku za nini?

Mbukwa wakuu.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa pongezi. Huku hakuna pongezi.

Naandika kutoka Dodoma, Chang'ombe, na usingizi sijaupata. Tangu filimbi ya mwisho ya Taifa Stars na Tunisia kwenye AFCON 2025 ilipopulizwa Rabat, Morocco, jana Desemba 30, bodaboda wamezunguka na bendera, honi mtindo mmoja, watoto wanagonga masufuria barabarani. "Tumevuka! Tumevuka!" Kwa kelele zile mgeni angedhani tumebeba kombe. Ukithubutu kuuliza tumemfunga nani, unatazamwa kana kwamba umetumwa na Waganda.

Basi nauliza hapa, maana kijiweni wameshanifukuza: tumemfunga nani?

Nigeria katupiga 2-1. Na Uganda sare 1-1. Na Tunisia sare 1-1. Kundi C limefungwa Nigeria ana pointi 9, Tunisia 4, sisi 2, Uganda 1. Kwa AFCON ya zamani, ile ya timu 16 iliyokwenda mpaka 2017, wanaovuka ni wawili tu kila kundi, na vijana wetu saa hizi wangekuwa wanapanga mabegi. Kilichotuokoa ni kwamba toka 2019 timu ni 24, makundi sita, na washika nafasi ya tatu wanne bora wanabebwa. Tumebebwa, tuseme ukweli. Angola naye ana pointi 2 na tofauti ya magoli ni ileile, hasi moja kwa hasi moja. Tumempita kwa kuwa sisi tumefunga matatu, yeye mawili. Comoro naye ana 2, lakini kamaliza makundi bila goli. Maana yake lile goli la M'Mombwa wetu dhidi ya Nigeria, kwenye mechi tuliyofungwa, ambalo lilidumu dakika mbili tu kabla Lookman wao hajaturudisha tulikotoka, ndilo lililotuvusha. Hilo ndilo linalopigiwa honi.

Sasa nieleze ya kibandani tunakoangalia mpira, maana hasira zilianzia kule. Kibanda chenyewe sikitaji, mwenyewe ni mkali na namba yangu anayo. Siku za ligi kiingilio ni jero. Jana mlangoni tunaambiwa buku mbili, "hii ni ya taifa, wazee wangu." Haya, tukalipa. Mvua ilikuwa imenyesha jioni kwa hiyo maturubai yote yameshushwa, joto lote liko ndani, benchi la watu wanne tumekaa saba. Mapumziko tuko nyuma, Gharbi wa Tunisia katufunga kwa penalti. Kipindi cha pili kinaanza, giza totoro. Luku imeisha! Ndugu zangu, umekusanya buku mbilimbili za nyomi lile lote, umeme wa kumalizia mechi umekushinda? Tukiwa gizani tunatukana ndipo tukasikia kibanda cha pili yake kinalipuka. Goli la Feisal la dakika ya 48 nimelisikia kupitia ukuta wa mabati. Jamaa alipomaliza kubofyabofya zile tokeni, picha inarudi, ubao unasoma 1-1, na watu wanakumbatiana kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Lakini hata hilo nimemsamehe. Nisilosamehe ni kilichofuata.

Pembeni yangu kuna dogo kageuza mkeka wake wa kubeti uliochanika, nyuma yake kaandika kwa bic msimamo wa washika nafasi ya tatu. Angola huyu hapa, Comoro huyu hapa, mishale, mabano, kila kitu. Watu wanamwinamia yeye, skrini haina mtazamaji. Nikamwambia, "Dogo, angalia mpira." Akanijibu bila kuinua uso: "Bro, mpira umeshaisha huu. Wasitufunge tu." Wakati huo ni dakika ya hamsini na kitu! Imebaki karibu nusu nzima ya mechi, tuko sawa na Tunisia, na ushindi wa kwanza wa nchi hii kwenye AFCON uko pale mbele unaita. Mzee mmoja nyuma ndiyo kabisa: "Waambieni wasivuke mstari wa kati." Kibanda kizima hakuna mtu hata mmoja aliyepiga kelele ya "mbele!" Mtu akibutua mpira nje, makofi. Kipa akichelewa kupiga goli kiki, vigelegele.

Huu ndio ugonjwa wenyewe wakuu, na hauko kibandani tu. Mwezi mzima redioni wachambuzi wimbo wao ulikuwa mmoja, "kuvuka makundi, kuvuka makundi." Hakuna aliyesema tukamfunge mtu. Na nchi ikishazoea kuhesabu vidole, hata ikitangulia kufunga haijui ifanye nini.

Hamuamini? Twende kwenye kumbukumbu.

2019, Cairo, tunacheza na Kenya. Msuva katupa goli dakika ya 6. Olunga wa Kenya karudisha. Dakika moja baadaye Samatta katuweka mbele tena, 2-1. Tumeongoza mara mbili kwenye mechi moja! Imeisha 3-2, Olunga kamalizia dakika ya 80. Na Senegal walishatupiga 2-0, Algeria wakaja kutupiga 3-0, tukarudi bila pointi hata moja, kocha Amunike akaondoka.

Januari 2024, Ivory Coast, mji wa San Pedro, tunacheza na Zambia. Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, na nitaikalia kidogo. Msuva huyohuyo, dakika ya 11, tunaongoza. Kabla ya mapumziko Kabwe wa Zambia anakula kadi nyekundu. Kumi na moja kwa kumi! Mtu mzima na akili zako, mpinzani yuko pungufu, una dakika arobaini na tano nzima mbele yako, unafanya nini? Unakwenda kumalizia. Sisi tukarudi kukaa mlangoni kwetu kama mlinzi wa zamu ya usiku anayesubiri kuche. Dakika ya 88, kona, Patson Daka, kichwa, 1-1. Watu kumi wanakusawazishia wewe uliyetimia! Pointi mbili tulizozidondosha siku ile zingetupeleka 16 bora miaka miwili iliyopita, tena kwa ushindi, bila kalkuleta ya mtu. Baada ya hapo 0-0 na Congo, tukashika mkia.

Juzi tena, Desemba 27, na Uganda, majirani. Penalti, Msuva anaweka, tunaongoza. Nikasema leo ndiyo leo. Dakika ya 80 Ikpeazu kasawazisha. Na bado dakika za nyongeza wakapewa penalti, Okello akaipaisha juu. Ule mpira ungeingia leo hii hakuna honi, hakuna masufuria, na huyo dogo wa mkeka asingekuwa na cha kuandika. Yaani tumevushwa na goli la mechi ya kipigo pamoja na mguu wa Mganda.

Jumlisheni kuanzia 1980 kule Nigeria mpaka jana: mechi za makundi 12, vipigo 7, sare 5, ushindi 0. Miaka 45. Mtu aliyezaliwa siku ile ya kwanza leo ana wajukuu na hajawahi kuona Stars inashinda AFCON.

Najua kuna mtu hapo chini keshaanza kuandika "Ureno 2016." Ndiyo, Ureno walitoka sare tatu kwenye makundi ya Euro, wakavuka kama washika nafasi ya tatu, wakabeba kombe. Lakini hawakupoteza mechi hata moja, na mtu wao wa mbele alikuwa Ronaldo. Tafuteni mfano mwingine.

Na wa "kundi lilikuwa gumu" pia nawasikia. Sawa, Nigeria ni Nigeria, nimemwondoa. Uganda naye ni kundi gumu?

Tena msiniambie ni uwezo. Agosti hii hii kwenye CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani tu, nyumbani, wachezaji wa ligi yetu walimpiga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1 kwa magoli mawili ya Mzize, sare na Afrika ya Kati, wakaongoza kundi kwa pointi 10. Huyo Madagascar ndiye aliyekwenda kucheza fainali! Na lile la Mauritania Kapombe alifunga dakika ya 89. Mnaona tofauti? Siku ile dakika za jioni sisi ndio tulikuwa golini kwa mtu. Timu ilikwenda mbele kwa sababu uwanja mzima ulikuwa unadai ushindi, hakuna aliyekuja Mkapa kuhesabu Comoro kafunga mangapi. (Sisi wa makao makuu ya nchi tuliishia kuiona kwenye runinga, mechi hata moja Dodoma haikuletwa, lakini hilo nitalifungulia uzi wake.)

Na 2027 mashindano ya AFCON ni ya kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Tutakaa Mkapa watu elfu sitini tunashangilia kipa anavyochelewesha mpira?

Nilichokuwa nataka jana si kikubwa. Nilitaka baada ya goli la Feisal nione mawinga wanapanda, beki wa pembeni anaingia na krosi, tunapigwa hata kaunta na kufa kiume tukitafuta la pili. Badala yake mechi ikalala. Tunisia pointi ile inamtosha, sisi inatutosha, basi mpira unapigwa pasi za salamu mpaka mwisho.

NYONGEZA: Kwa mnaoniuliza kama mimi ni Mtanzania kweli. Ndiyo, na Jumapili nitakuwa palepale kibandani, nimeshamwambia mwenyewe buku mbili yangu ataiona luku ikiwa imejaa. Tunacheza na Morocco, kwao, waliotupiga 3-0 Januari 2024 na wakatutoa CHAN kwa 1-0. Tukifungwa tunashambulia, mimi ndiye nitakayepiga honi ya kwanza. Ila kuna jamaa hapo juu ameandika kwamba tukae nyuma dakika 120 tuwavute kwenye penalti. Mkuu, kama na wewe uko Dodoma, tafadhali tafuta kibanda kingine.