Utekelezaji umefikia asilimia 70, lakini bomba la majitaka halijaungwa: tuisomeje taarifa hii?

Mwenye Duka la Kona

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye ujuzi wa ujenzi wa barabara za mitaa na mifumo ya majitaka. Mtaa wetu hapa Dar es Salaam, ulio kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Bonde la Msimbazi, unajengwa upya: barabara iliyokuwa ya vumbi inawekwa lami, pande zote mbili inajengwa mitaro ya zege ya maji ya mvua, na kwenye ukingo mmoja linalazwa bomba la majitaka ambalo tuliahidiwa kuwa litahudumia nyumba za huku na za ng'ambo. Katika mkutano wa mtaa uliofanyika hivi karibuni tulisomewa kwamba utekelezaji umefikia asilimia 70, na watu wakapiga makofi.

Mbele ya duka langu hali ni hii: kuna chemba mbili (mashimo ya kukagulia bomba), na mojawapo haina mfuniko, imezibwa kwa mbao na tairi kuukuu ili watoto wasitumbukie. Kati ya chemba hizo handaki limefukiwa nusu, na nusu iliyobaki imejaa maji yaliyoota ukijani. Ukipanda juu, karibu na makutano ya barabara kubwa, lami imekwisha kuwekwa na bodaboda zinapita kwa kasi.

Hivyo nauliza: asilimia 70 ni ya kitu gani hasa? Kwa nini lami imetangulia kule juu ilhali bomba huku chini halijaungwa? Je, kuna uwezekano kwamba lami hiyo itakuja kukatwa tena? Na la mwisho linanihusu mimi na wapangaji wangu: shimo la choo chetu hujaa kila masika, na tangu handaki lichimbwe gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika getini. Je, nichimbe shimo jipya au nisubiri bomba?

Mhandisi Mstaafu

Ndugu mleta mada, sitauhukumu mradi ambao sijauona, lakini maswali yako yana majibu ambayo mkazi yeyote anaweza kuyapima kwa macho yake.

Kuhusu asilimia, zipo angalau tatu, na mara nyingi husomwa kwenye mikutano bila kutajwa ni ipi. Kuna asilimia ya muda wa mkataba uliotumika, kuna asilimia ya fedha zilizoidhinishwa kulipwa, na kuna asilimia ya kazi halisi iliyofanyika. Hata hiyo ya tatu hukokotolewa kwa thamani ya kila kazi katika mkataba, wala si kwa manufaa yake kwa mwananchi. Tuchukue mfano wa kubuni: ikiwa bomba la majitaka na chemba zake ni moja ya tano ya thamani ya mkataba wote, mkandarasi anaweza kufikia asilimia 80 ya kazi pasipo kulaza hata mita moja ya bomba. Hakuna aliyedanganya, lakini aliyepiga makofi hakuambiwa alichokuwa akikishangilia.

Barabara na bomba havipimiki kwa kipimo kimoja. Barabara iliyokamilika nusu inapitika nusu. Bomba la majitaka lililolazwa kwa asilimia 90, ikiwa asilimia 10 inayokosekana ndiyo ile ya kuliunga na bomba kuu lililo chini yake, halihudumii choo hata kimoja. Ndiyo maana utaratibu sahihi ni kuanza kulaza bomba kutoka sehemu ya chini kabisa, pale linapoungana na bomba kuu, na kupanda nalo kuelekea juu. Majitaka ya mitaani hutiririka kwa mteremko tu. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 200, mteremko wa kawaida ni kama sentimita 1 kwa kila mita 2, ili maji yaende kwa kasi inayotosha kusukuma uchafu, yaani takriban mita 0.6 hadi 0.75 kwa sekunde. Ukianzia juu au katikati, kisha ukakuta chini kuna bomba la maji safi, nguzo au msingi wa ukuta usiohamishika, huna tena nafasi ya kurekebisha vimo vya mradi mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza msimamizi ni hili: bomba letu linaungwa kwenye chemba gani ya bomba kuu, na bomba kuu hilo linapeleka wapi? Kwa Dar es Salaam jibu halikosi kuwepo. Majitaka ya katikati ya mji hupelekwa baharini kwa bomba, na ya maeneo mengine yaliyounganishwa huishia kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti, Buguruni, Kurasini, Mabibo na Lugalo. Msimamizi akishindwa kutaja bwawa au bomba la baharini, ujue bomba hilo bado liko kwenye karatasi.

Kuhusu lami kutangulia, jambo la kwanza la kuangalia ni umiliki wa kazi. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na majitaka ya jiji ni ya DAWASA (mamlaka ya maji na majitaka), ambayo iliunganishwa mwaka 2018 na DAWASCO, kampuni iliyokuwa ikiendesha huduma hiyo. Mtaa mmoja unaweza kuwa na mikataba miwili yenye waajiri wawili, wakandarasi wawili na ratiba mbili. Mradi mkubwa wa uendelezaji wa jiji unaojulikana kama DMDP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2015 kwa dola milioni 300, fedha zake nyingi zilikwenda kwenye barabara, mifereji ya mvua na uboreshaji wa makazi yasiyopangwa. Ni kazi ya maana sana, lakini anayeona katapila mtaani asidhani kwamba kila kinachochimbwa ni cha choo chake.

Je, lami itakatwa? Bomba la mtaani likiwa ukingoni, si lazima. Hatari iko kwenye matawi yanayokwenda kwenye nyumba. Kama bomba liko upande wa kushoto na mmeahidiwa kuwa nyumba za kulia nazo zitaungwa, ni lazima mabomba ya kuvuka barabara yawekwe kabla ya tabaka la kokoto na lami, na kila moja liishie kwenye kichemba kidogo mpakani mwa kiwanja, likiwa limezibwa kwa kifuniko hadi siku ya kuunganisha. Panda pale ambapo lami imekwisha kuwekwa ukatazame upande usio na bomba. Ukiviona vichemba hivyo mpakani mwa viwanja, lala salama. Usipoviona, andikeni barua sasa, kabla lami haijashuka hadi kwenu.

Angalieni pia namna handaki linavyofukiwa. Udongo unapaswa kurudishwa kwa matabaka membamba, kiasi cha sentimita 15 hadi 20 kila moja, umwagiwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya tabaka linalofuata. Maji hayo ya kijani yatolewe yote kwanza, na udongo ulioloweka ukawa tope uondolewe, kwa sababu tope halishindiliki. Lori likimwaga kifusi chote kwa mara moja kisha greda likapita juu, barabara itabonyea kwa mstari ulionyooka kufuata bomba, na masika ya kwanza yatauonyesha mstari huo.

Mjumbe wa Kamati ya Mtaa

Namuunga mkono mzee wetu hapo juu, nami naongeza upande wa nyaraka. Kabla ya barua yoyote, someni bango la mradi: linapaswa kuonyesha mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, chanzo cha fedha na tarehe za kuanza na kumaliza. Wengi humwandama mwenyekiti wa serikali ya mtaa kana kwamba ndiye aliyesaini mkataba, wakati barua yao ilipaswa kwenda kwa mwajiri na nakala kwa mhandisi mshauri.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Msiombe "taarifa za mradi" kwa ujumla, maana mtaletewa kipeperushi. Ombeni vitu viwili: ratiba ya kazi iliyohuishwa, na mchoro wa mkato wa bomba unaoonyesha kimo cha kila chemba kutoka juu mpaka linapoungana na bomba kuu. Mchoro huo ni karatasi chache tu, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kuwasomea.

Suala la chemba isiyo na mfuniko lisisubiri siku 30. Hilo ni la usalama; liandikwe leo kwa mkandarasi, liwekewe picha, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kata. Miradi mingi yenye fedha za wahisani huwa na kamati ya kupokea malalamiko yenye daftari lake. Lalamiko lililoandikwa kwenye daftari hupewa namba na mtu wa kulifuatilia, jambo ambalo lalamiko la mdomo halipati.

Fundi Chemba

Mimi naunganisha nyumba na bomba kuu kila siku, kwa hiyo nitajibu la choo.

Usichimbe shimo jipya kwanza. Pima. Umesema mtaa wenu unashuka kuelekea bondeni, na hapo ndipo penye kitendawili ambacho mikutano haikigusi. Nyumba zilizo upande wa juu wa barabara zitaunganika bila shida, kwa kuwa majitaka yatashuka yenyewe mpaka kwenye chemba. Nyumba zilizo upande wa bondeni mara nyingi sakafu zake ziko chini kuliko barabara, na barabara mpya ikinyanyuliwa kwa moramu na kokoto zinazidi kuwa chini. Hata uahidiwe nini, maji hayapandi. Fungua chemba iliyo mbele yako, shusha kamba yenye jiwe hadi sakafuni mwake, kisha kwa mpira wenye maji linganisha kina hicho na bomba linalotoka chooni kwako. Kama bomba lako liko juu ya sakafu ya chemba kwa kiasi kinachotosha mteremko, subiri mradi. Kama liko chini, bomba hilo la barabarani si lako.

Kwa nyumba za aina hiyo iko njia nyingine: mabomba membamba ya kina kifupi yanayopita nyuma ya nyumba, kutoka ua hadi ua, kisha yanaungwa sehemu ya chini. Vingunguti njia hiyo imetumika, nayo inafaa palipobanana ambako katapila haliingii. Shida yake ni kwamba majirani wote lazima wakubali bomba lipite uani kwao, na mmoja akijenga banda juu ya kichemba mfumo mzima unaziba.

Ombi moja kwa wote: msiunganishe vyoo kwenye mitaro ya mvua kwa kisingizio cha kusubiri, na msifungue mifuniko ya chemba ili maji ya mafuriko yaingie humo. Nimetoa ndoo kwa ndoo za mchanga kutoka chemba za namna hiyo, na mwenye nyumba aliyeufungua mfuniko ndiye wa kwanza kupiga simu majitaka yanapomrudia bafuni. Wale wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia uchafu utoke mvua ikinyesha, wanajijua. Wakumbuke kwamba mitaro mipya ya zege itapeleka uchafu huo mlangoni kwa mwenzao wa chini kwa kasi kuliko mfereji wa zamani wa udongo.

Mwenye Duka la Kona

Nawashukuru sana. Nimepanda hadi kwenye lami: upande wenye bomba vichemba vipo, upande wa pili nimeviona mbele ya baadhi ya nyumba tu. Tumekubaliana na mwenyekiti kwamba barua iende kwa mwajiri, ikitaja kila nyumba isiyo na kichemba. Upande wangu ni wa bondeni, lakini kwa kipimo cha mpira bomba la choo changu liko juu ya sakafu ya chemba. Umbali kati yake na chemba ni kama mita 12. Je, tofauti ya kimo inapaswa kuwa kiasi gani? Na shimo la zamani, nikishaunganishwa, nilifanyeje?

Mhandisi Mstaafu

Bomba la nyumba la milimita 100 lipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40 hadi 60. Kwa mita 12 unahitaji tofauti ya sentimita 20 hadi 30, na ukiwa na 30 ni bora zaidi. Hakikisha umepima kutoka chini ya bomba lako, si juu yake. Barua ya vichemba msiicheleweshe, na ombeni kwa maandishi kwamba lami isiendelee upande huo mpaka mabomba ya kuvuka yakamilike.

Fundi Chemba

Shimo la zamani usiliache lilivyo. Siku bomba likianza kufanya kazi, ita gari, linyonywe mpaka chini, mwaga chokaa, vunja mfuniko wa zege, kisha jaza kifusi na mchanga huku ukishindilia. Wengi huliziba tu juu na kujenga jiko hapo, na zege likioza sakafu huzama. Kwa sasa, kwa kuwa gari halifiki getini, ulizia lenye mpira mrefu lisimame mtaa wa nyuma na kupitisha mpira kwa jirani. Linyonywe kabla ya masika kuanza, kwa sababu mwezi Machi kila mtu huwa anaita gari hilohilo.