Wapenzi wa jazi tupeane uzoefu: ni toleo gani lililokufanya uisikie upya rekodi uliyodhani unaijua?

KandaMama:
Wakuu, habari zenu. Nazungumzia jazi ya Marekani, ya akina Miles Davis, Coltrane na Ellington, na zile rekodi zao ambazo hazipiti miaka michache bila kutolewa tena. Mwenye mkusanyiko anajua: rekodi ileile unaweza kuwa nayo mara nne, na kila moja ina mlio wake. Nataka tusimuliane, tusishindane nani ana mtambo mkubwa. Ulisikia nini, kwenye wimbo gani, na ulijuaje kwamba si hisia tu? Naanza mimi.

Nilikuwa najifunza piano, na kila jioni naweka *Kind of Blue* ya Miles Davis, LP (santuri ndefu) ya zamani, nijaribu kumfuata mpiga piano Wynton Kelly kwenye "Freddie Freeloader". Ikagoma. Nikibonyeza noti moja nasikia niko chini ya santuri kidogo, nikipanda inayofuata nimeshapitiliza. Nikamwita fundi, akaipima piano, akasema haina tatizo lolote. Nikaanza kushuku mtambo wangu unazungusha haraka. Nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikahesabu mizunguko kwa saa: 33 na theluthi kwa dakika, kama inavyotakiwa, haijazidi. Basi nikageuza santuri upande wa pili, "All Blues", na piano na santuri zikakubaliana kabisa. Santuri moja, upande mmoja umepanda, mwingine uko sawa! Fumbo hilo nilikaa nalo karibu miaka miwili.

Jibu lake ni hili. Tarehe 2 Machi 1959, katika studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia ya 30th Street kule New York, mashine kuu ya kurekodi ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Kanda iliyorekodiwa polepole ukiichezesha kwa kasi ya kawaida, muziki wote unapanda. Nyimbo tatu za siku hiyo ndizo zilizojaza upande wa kwanza. Waliporudi studio tarehe 22 Aprili mashine ilikuwa sawa, ndiyo maana upande wa pili hauna shida. Bahati nzuri siku ile ya Machi kulikuwa na mashine ya pili inayorekodi kanda ya akiba, nayo ilikwenda kwa kasi sahihi. Kanda hiyo ya akiba ndiyo iliyotumika kwenye matoleo yaliyorekebishwa, la 1992 na la 1997. Kwa zaidi ya miaka thelathini dunia nzima iliujua upande ule ukiwa umepanda karibu robo ya toni.

Siku nilipoipata sidii iliyorekebishwa sikukaa kwenye kiti cha kusikilizia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye piano. Noti ya kwanza tu, ikaingia. Nilicheza mpaka usiku.

Tarumbeta la Alasiri:
Mkuu KandaMama, umenikumbusha mbali. Yangu ni ya Duke Ellington, kwenye tamasha la Newport 1956.

LP ile niliirithi kwa mjomba, na tulichokuwa tunakisubiri sote ni kile kipande ambacho Paul Gonsalves anapiga saksafoni mizunguko 27 ya wimbo mfululizo huku watu wanapagawa. Lakini tangu utotoni kuna jambo lilikuwa linanitatiza. Saksafoni iko mbali. Unasikia ngoma, unasikia watu wanapiga kelele, unamsikia Duke mwenyewe akimhimiza, ila mwenye shughuli yake ni kama yuko chumba cha pili. Mjomba alikuwa akisema ndivyo rekodi za zamani zilivyo.

Kumbe sivyo. Gonsalves alisogelea kipaza sauti ambacho si cha Columbia. Kilikuwa cha redio ya Voice of America, waliokuwa wanarekodi tamasha lilelile. Columbia wakabaki na saksafoni ya mbali. Isitoshe, sehemu kubwa ya LP ile ilipigwa upya studio baada ya tamasha, kisha ikaongezewa makofi. Kanda ya redio ilipopatikana, mtayarishaji Phil Schaap alizioanisha kanda hizo mbili, moja ikawa upande wa kushoto na nyingine kulia, na mwaka 1999 likatoka toleo la stereo la usiku wenyewe.

Niliposikiliza mara ya kwanza, Gonsalves alisimama mbele yangu. Unasikia pumzi, unasikia anavyoanza chini kwa utulivu, mzunguko baada ya mzunguko anaongeza moto. Nilifurahi na nilihuzunika, kwa sababu mjomba hakuwahi kuisikia hivi. LP yake bado ninayo na bado naicheza, japo nikifika kwenye makofi najua sasa yapi ni ya Newport na yapi ya studio.

Masikio Mawili:
Naomba nilete upande wa jinsi ya kulinganisha, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipodanganyika kwa muda mrefu.

Nina sidii mbili za rekodi moja ya miaka ya hamsini, moja ya mwanzo wa enzi ya sidii na nyingine iliyosafishwa upya miaka mingi baadaye. Jina la kampuni silitaji. Kwa mwaka mzima nilikuwa nawaambia watu ile mpya ndiyo bora, ina uhai, imeamka. Siku moja dada yangu, ambaye jazi haimhusu, alikuwa anapita sebuleni nikabadilisha kutoka ya zamani kwenda mpya. Akauliza, "Mbona umeongeza sauti?" Sikuwa nimegusa kitu.

Neno lile lilinikaa kichwani. Nikaziingiza zote mbili kwenye kompyuta nikapima: mpya ilikuwa juu kwa karibu desibeli tano. Sikio la binadamu likisikia kitu kimoja kwa sauti mbili, hata tofauti iwe ndogo ya desibeli moja, linapenda chenye sauti kubwa na linakiita "safi zaidi". Nikaishusha ile mpya mpaka zikalingana. Nikamwomba dada abadilishe yeye, mimi nimempa mgongo, aandike kwenye karatasi ninachochagua. Mara kumi. Mara nane nilichagua ya zamani.

Nikirudia sasa nasikia kwa nini. Mpiga ngoma anapogonga toazi kwa nguvu, kwenye sidii ya zamani linaruka, linakushtua, kisha linafifia taratibu. Kwenye mpya limebanwa: kishindo na mnong'ono vimesogezwa vikakaribiana, kila kitu kiko mbele muda wote, na baada ya dakika ishirini masikio yanachoka bila kujua yamechokeshwa na nini. Tangu hapo sitoi hukumu ya toleo lolote kabla ya kusawazisha sauti. Nawaomba na ninyi mjaribu, hata kama hamna kompyuta, mwenzako ashike kitufe cha sauti na wewe ufumbe macho.

Mfereji78:
Mimi ni mtu wa rekodi kongwe, zile za kabla ya LP kuja 1948. King Oliver na bendi yake ya Creole Jazz Band, Richmond, Indiana, 1923, kijana Louis Armstrong akiwa kwenye koneti ya pili, ala inayofanana na tarumbeta. Wakati huo hakuna kipaza sauti cha umeme. Wote wanapiga mbele ya pembe kubwa, na mtikisiko wa hewa peke yake ndio unaosukuma sindano ichonge nta. Kurekodi kwa umeme kulikuja 1925.

Nilipoanza nilinunua sanduku la sidii lililosifiwa kwamba "halina kelele hata kidogo". Kweli halikuwa na kelele. Na klarineti ilikuwa kama inapigwa chini ya maji. Mashine ya kuondoa kelele haijui tofauti ya mchakacho na pumzi ya mpigaji, vyote viko juu kule kwenye sauti nyembamba. Ikifagia, inafagia vyote. Nikadhani 1923 ndivyo ilivyokuwa, nikaliweka kabatini.

Baadaye nikapata nakala zilizohamishwa na John R. T. Davies, Mwingereza ambaye wapenzi wa rekodi hizi wanamheshimu sana. Mchakacho upo, unausikia kama mvua nyepesi. Lakini ndani ya mvua ile kuna watu chumbani. Koneti mbili zinaachana, trombone inateleza chini yake, na baada ya dakika moja sikio lenyewe linaiweka mvua pembeni.

Jambo moja la kiufundi kwa wanaotaka kuzicheza wenyewe. Mfereji wa santuri za 78, yaani zile za kuzunguka mara 78 kwa dakika, ni mpana karibu mara tatu ya ule wa LP. Ukitumia sindano ya LP inazama mpaka chini kabisa, na chini ndiko kwenye vumbi na mchanga wa miaka mia. Sindano pana inakaa juu zaidi, kwenye kuta ambazo bado ni nzima. Mimi nina sindano nne za upana tofauti, na kila santuri naijaribu zote. Santuri moja iliyoonekana imekufa ilifufuka kwa sindano ya tatu. Tena msiamini neno "78" kwa upofu. Makampuni ya wakati huo hayakuwa yanarekodi kwa kasi moja.

Besi ya Mbao:
Kuna wanaosema toleo la kwanza halishindwi. Na mimi nilisema hivyo.

Nilihangaika miaka kutafuta santuri ya mwanzo ya kampuni ya Blue Note, yenye herufi RVG pale karibu na lebo pasipo na muziki, ishara kwamba fundi wa sauti Rudy Van Gelder alichonga mwenyewe. Van Gelder yule alikuwa mtaalamu wa kupima macho, na mpaka 1959 alikuwa anarekodi kwenye sebule ya wazazi wake, Hackensack, New Jersey. Pembeni ya RVG kuna ile alama tunayoiita "sikio", kwa kweli ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kinachapa santuri zao mpaka 1966. Nikaipata kwa muuzaji wa mbali. Alama zote zipo. Ukiishika kwenye mwanga inang'aa kama mpya.

Nikaweka sindano. Dakika za mwanzo, raha tupu, besi inatembea chumbani. Tulipokaribia katikati ya santuri, tarumbeta ikaanza kupasuka. Kila noti ya juu ina kwaruzo ndani yake. Mwenye santuri wa kwanza aliicheza kwa mtambo wa zamani wenye mkono mzito wa sindano, na kuta za mfereji zilishaliwa. Uharibifu huo macho hayauoni. Niliumia, nimesubiri kiasi kile halafu nusu ya muziki haipo.

Rekodi hiyohiyo ninayo sasa kwenye toleo la Tone Poet, mfululizo wa Blue Note ulioanza 2019. Fundi Kevin Gray amechonga kutoka kanda yenyewe. Imetulia, tarumbeta inafika juu bila kupasuka. Kuna joto fulani kwenye ile ya kwanza ambalo sijalipata hapa, nakiri, ila ninayoisikiliza ni hii.

Masikio Mawili:
Mkuu Besi ya Mbao, pole. Umejaribu sindano ya upana tofauti, kama alivyosema Mfereji78? Kwa santuri za mono, zenye njia moja tu ya sauti, inasaidia wakati mwingine.

Besi ya Mbao:
Nimejaribu ya mono, imepunguza kidogo. Haikupona.

Nta Nyeusi:
Langu fupi. Nilikuwa nanunua santuri za kampuni moja nikiamini kila hatua, kutoka kanda mpaka mfereji, ni ya analogi, bila dijitali kabisa. Ndivyo nilivyoelewa, na ndivyo nilivyowaambia wengine. Mwaka 2022 ikabainika kuna hatua ya dijitali katikati. Nimezisikiliza tena zote. Sauti ni ileile, nzuri kama jana. Ila imani niliyokuwa nayo siwezi kuirudisha, na sasa naandika kwenye daftari ninachosikia kabla sijasoma maelezo ya jalada.

Jumapili Jioni:
Nimesoma yote kwa furaha. Naleta Bill Evans, kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya 25 Juni 1961. Evans piano, Scott LaFaro besi, Paul Motian ngoma. Siku kumi na moja baadaye LaFaro akafariki kwa ajali ya gari, ana miaka 25.

LP za mwanzo zilichagua vipande vizuri tu. Halafu 2005 likatoka sanduku lenye siku nzima, awamu zote tano, kwa mpangilio wake. Na wimbo wa kwanza kabisa, "Gloria's Step", unaharibika njiani: umeme ulikatika, mashine ikasita, muziki unazama, kisha unarudi. Mafundi wangeweza kuuacha nje. Waliuweka.

Mimi toleo hilo ndilo napenda kuliko yote, na si kwa sababu ya piano kuwa wazi zaidi. Unasikia glasi zinagongana, mtu anacheka nyuma wakati LaFaro yuko katikati ya solo, watu wachache wanapiga makofi ya heshima tu. Sauti inapozama pale, wanamuziki hawajui. Inaporudi wako mbele zaidi kwenye wimbo, wametulia vilevile.

KandaMama:
Mkuu Jumapili Jioni, LP yangu ina nyimbo sita, na "Gloria's Step" iko nzima bila kukatika. Kwa hiyo hiyo yangu ni ya awamu nyingine ya siku ileile. Miaka yote sikuwa nimelifikiria hilo. Naiweka sasa hivi, nisikilize glasi.