Chonga wa aina mbili pembezoni mwa Msitu wa Ngezi

Mkaazi wa Konde
Assalaam alaykum. Shamba letu la minazi liko karibu na Msitu wa Ngezi, Pemba. Wiki iliyopita nilipasua gogo la mnazi lililooza, nikakuta chonga (mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi) mweusi mwenye pembe fupi pamoja na mabuu. Siku mbili baadaye nikafukua samadi nyuma ya banda la ng'ombe, nikamkuta mwengine, mwenye pembe ndefu iliyopinda kuelekea nyuma. Je, ni dume na jike, au ni aina mbili mbali? Na yupi anayetoboa minazi yangu?

Mkulima wa Makunduchi
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, wa gogoni ni Oryctes monoceros na wa samadini ni Oryctes boas. Pembe peke yake isikudanganye, kwa sababu urefu wake hufuata lishe aliyoipata buu, na dume aliyekosa chakula hutoka na pembe fupi. Tazama mgongo nyuma ya kichwa: dume wa boas ana bonde pana lenye kina. Jike utamjua kwa manyoya mengi kwenye ncha ya tumbo.

Mharibifu mkubwa ni monoceros. Chonga mzima huingia kileleni usiku, akatafuna makuti yaliyo bado hayajafunguka na kufyonza maji yake, na kuti likija kukunjuka huonekana kama lililokatwa kwa mkasi. Akiufikia moyo, mnazi hufa. Buu lake halina kosa na mnazi ulio hai, kwani hula mti uliooza tu. Boas naye hushambulia minazi, hasa michanga, lakini kwa uchache.

Mpenda Misitu
Naomba kuongeza neno. Monoceros ni mwenyeji wa Afrika, na mbali na mnazi huishi pia kwenye mikindu na miwale. Huko msituni buu lake husaidia kurudisha magogo ardhini, kwa hiyo tafadhali asiingie mtu Ngezi kuchoma miti iliyoanguka. Dawa iko shambani: mnazi uliokufa usiachwe umelala.

Mkaazi wa Konde
Ahsanteni sana. Nina magogo matatu yaliyolala tangu masika. Nitayapasua na kuyachoma, na samadi nitaigeuza nikiokota mabuu kabla ya kuipeleka kwenye miche.