Insineta inatoa moshi mweusi, shida ni mashine au ni sisi?

msimamizi_mpya
Habari zenu wakuu. Nimepewa usimamizi wa taka kwenye kahospitali kadogo na kila jioni insineta (tanuri letu la kuchomea taka) ikiwashwa ni moshi mweusi tii, majirani wanalalamika, halafu asubuhi ukichungulia majivu unakuta sindano nzimanzima na plastiki nusu imeungua. Bosi anataka tuombe wafadhili insineta kubwa zaidi. Kweli kubwa ndo dawa?

fundi_moto
Kubwa itakula mafuta tu kama mtaendelea kuilisha hayohayo. Mnachoma nini kwanza? Kwa hesabu za WHO kama 85% ya taka za hospitali ni za kawaida kabisa, makaratasi, maboksi, mabaki ya chakula. Sasa ukishachanganya na glavu yenye damu basi mfuko mzima umekuwa hatari. Insineta ya maana ina vyumba viwili, cha kwanza kinachoma taka cha pili kinachoma ule moshi wenyewe, na inatakiwa kupashwa moto kwanza, chumba cha pili kifike nyuzi 850 na zaidi ndo uingize taka. Mkiwasha na kurundika palepale hapo mnafukiza tu. Na vitu vya plastiki ya PVC kama mifuko ya damu msichome, vinatoa sumu inayoitwa dioksini, wala kitu kilicholowekwa klorini.

msimamizi_mpya
Duh, sisi sindano tunaloweka klorini kwanza ndo tunachoma 😬 Na hizo zinazotoka nzima?

nesi_mstaafu
Hizo kawaida mwanangu, chuma hakiishi kwa moto huo, ndo maana majivu yanakuwa na shimo lake lililojengewa na lenye mfuniko, sio kumwagwa nyuma ya jengo. Ila kwenye kutenganisha usianze na semina, watu watakula posho wasahau. Mimi nilianza na kuhamisha ndoo za taka. Zilikuwa zote mlangoni, sasa nesi kamaliza kuchoma sindano kitanda cha mwisho atembee nayo wazi wodi nzima? Anairudishia kifuniko, na hapo ndo watu wanajichoma. Weka sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, kwenye troli inayokwenda mpaka kitandani, ikifika robo tatu funga, usishindilie.

Na msisahau wafanya usafi. Kwetu mmoja alichomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko mweusi, yaani mfuko wa taka za kawaida kama makaratasi. Dawa za kujikinga na VVU alipata ndani ya saa 72 zinazotakiwa, lakini chanjo ya homa ya ini B hakuwahi kupewa maana eti yeye sio mtumishi wa afya, na kwa mtu asiye na chanjo sindano yenye virusi vya homa hiyo inaweza kuambukiza mpaka 30%, VVU ni kama 0.3%.

msimamizi_mpya
Nimetoka kuzunguka wodini saa hii, ndoo zote ziko mlangoni kweli. Kesho nazihamisha, barua ya wafadhili naiweka pembeni kwanza. Hiyo chanjo ni dozi ngapi?

nesi_mstaafu
Tatu. Na uanze na wanaobeba mifuko, manesi watafuata.