MJADALA: Hifadhidata ya chama tuipandishe toleo kabla ya msimu wa korosho, au tuiache ilivyo?

Mwanzisha mada (fundi, Masasi)
Wadau, tulijadili hili bila jazba. Mwezi wa 8 nilipandisha hifadhidata ya chama kimoja cha msingi kutoka PostgreSQL (programu inayoendesha hifadhidata) toleo la 11 kwenda la 14. Data zilihama salama, kilo kwa kilo. Jioni karani anabonyeza achape orodha ya mizigo, kioo kinajibu safu ya adsrc haipo. Kumbe programu yao, ambayo aliyeiuza siku hizi hapokei simu, ilikuwa inachungulia katalogi ya mfumo, yaani yale majedwali ya ndani ambamo hifadhidata inajiandikia kumbukumbu za majedwali yetu na safu zake. Na adsrc, iliyokuwa ikitunza maandishi ya thamani ambayo safu hujijazia yenyewe usipoandika kitu, iliondolewa tangu toleo la 12, mwaka 2019. Usiku uleule nikarudisha bakapu. Msimamo wangu: alaumiwe muuzaji, na vyama viache kusaini mikataba isiyotaja matoleo. Mnasemaje?

Karani, Tandahimba
Mkuu, huku mkulima akishusha gunia ghalani haulizi toleo, anauliza kilo zake zimeingia. Minada ikishaanza nani atanielewa nikimwambia habari za katalogi? Kizee kiachwe kifanye kazi. Kikifa, daftari lipo.

Mwandishi wa programu, Lindi mjini
Dada, hicho kizee, toleo la 11, kimeacha kupata marekebisho tangu Novemba 2023. Kila toleo kubwa hutunzwa miaka 5 tu, basi. Tundu likionekana leo hakuna wa kuliziba.

Ila muuzaji naye simtetei. Katalogi ni jiko la watu. Wenyewe wakihamisha mafiga, hawamwombi ruhusa jirani aliyezoea kupitia mlango wa uani. Nyaraka zilionya miaka mingi kwamba adsrc isitegemewe, maana mambo yakibadilika kwingine yenyewe inabaki na maandishi ya zamani. Ipo kazi ya ndani iitwayo pg_get_expr, inatoa thamani hiyo halisi, na inakubali kabla na baada ya toleo la 12. Kwa mengine tumieni information_schema, majedwali ya kusoma tu yanayoeleza hifadhidata ina nini. Hiyo ndiyo sebule ya wageni, inafuata kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata.

Mwanzisha mada
Sebule ina viti vichache, kaka. Faharasa za majedwali, zile za kuharakisha utafutaji, humo hamna. Halafu mtumiaji anaonyeshwa vile tu alivyopewa ruhusa navyo. Niliingia kwa akaunti ya ripoti nikadhani nusu ya majedwali yamefutwa, jasho likanitoka.

Mwalimu wa kompyuta, Mtwara
Suala si kuingia jikoni, ni kuingia bila hodi. Tazameni pg_dump, hiyohiyo tunayochukulia bakapu. Inasoma katalogi kila siku, lakini kwanza inaiuliza seva ni toleo gani, ndipo inachagua swali linaloendana nalo. Ya toleo la 15 inaelewana na seva za zamani hadi 9.2. Ikikuta seva ya toleo kubwa jipya kuliko lake, inakataa palepale. Hapo pa kukataa ndipo ninapopapenda. Programu ya huyo muuzaji ilinyamaza mchana kutwa ikaja kuanguka jioni, karani yuko peke yake na foleni.

Kwa hiyo mkataba uandike: programu ikiwaka ikague toleo, na isipolijua iseme mapema. Na fundi, usikasirike, kupandisha Agosti ni kujitakia. Hayo ni ya mwezi wa 4, tena kwenye nakala ya majaribio.

Mwanzisha mada
Hilo la Agosti nakubali. La muuzaji silegezi.

Karani, Tandahimba
Mwalimu, hapo nimekuelewa. Ila hiyo nakala tutaiweka kompyuta ipi? Chama tuna moja, na naifunika kwa kanga vumbi lisiingie.

Mwanzisha mada
Jumamosi nakuja na laptopu yangu. Bakapu ya karibuni unayo?

Karani, Tandahimba
Ipo kwenye flashi. Sijawahi kuifungua.