Magitaa manane na tungo mpya: ni muziki wetu au ni kutupa pesa?

Mwalimu wa Buruburu
Wenzangu, nauliza nikitaka kujua. Jumamosi jioni nilikwenda kusikiliza kundi la magitaa manane hapa mjini. Magitaa ya klasiki, nyuzi za nailoni, bila spika wala maiki. Vipande vinne, vyote vipya, vimeagizwa kwa watunzi wa hapa hapa Nairobi, na watunzi wakalipwa kabla hawajaandika nota hata moja. Tulikuwa watu kama sitini. Kufikia kipande cha tatu, kile ambacho wapigaji wanagonga ubao wa gitaa na kukwaruza nyuzi nene kwa kucha, watu kama kumi walikuwa washatoka.

Mimi nilibaki, na kipande cha nne kilinitoa machozi. Gitaa halina pumzi. Ukishacharaza uzi, sauti inaanza kufa papo hapo. Sasa hawa, la kwanza linatoa sauti, kabla haijafa la pili linaipokea, la tatu linaidaka, mpaka ukumbi ukawa kama kitu kimoja kinachovuta pumzi. Sijawahi kusikia hivyo maishani.

Swali: fedha za umma za sanaa, za serikali kuu na za kaunti, zitengewe fungu la kuwalipa watunzi waandike kazi mpya kama hizi? Mimi nasema ndiyo. Nje pale niliambiwa ni kutupa pesa. Nataka kusikia sababu.

Mtoto wa Kawangware
Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao kumi. Nililipa 1,500, mke wangu 1,500, nauli juu. Kugonga mbao si muziki. Mafundi wa vitanda Gikomba wanagonga mbao kutwa nzima na hawanitozi kiingilio. Wangepiga nyimbo tunazozijua, hata Malaika tu, tungekaa mpaka asubuhi. Wazee wetu walikuwa na gitaa moja na chupa ya Fanta, na watu walicheza mpaka jogoo akawika. Leo magitaa manane yanashindwa na chupa?

Kidole Gumba
Kaka wa Kawangware, mimi ni mmoja wa wale wanane. Swali la fedha nitawaachia wengine, lakini hili la mbao sitaliacha lipite.

Kugonga kule si mchezo. Wahispania wa flamenko wamegonga ubao wa gitaa tangu zamani. Kupiga nyuzi kwa ubavu wa kidole gumba, karibu na pale zinapofungiwa, kunaitwa tambora, na kuna wapigaji wanaotumia miaka kuutafuta mlio ule. Mtunzi wetu ameandika kila pigo: wapi ubavuni, wapi juu ya tundu, kidole kipi. Kurasa kumi na nne. Tulifanya mazoezi miezi mitatu, Jumanne na Ijumaa, kwenye chumba cha kanisa tunachogawana na kwaya ya akina mama.

Alhamisi ile kucha yangu ya kidole cha kati ilivunjika kwenye mlango wa matatu. Ijumaa usiku nilikata kipande cha mpira wa tenisi ya meza, nikakibandika kwa gundi kali, nikakisugua kwa msasa hadi kikateleza kwenye uzi. Hicho ndicho nilichopigia Jumamosi. Mtu anayetoka katikati ya kipande hajasikia kitu, na asiseme amesikia.

Mtoto wa Kawangware
Pole kwa kucha. Lakini usiniambie sijui kusikia. Nimekulia nyumba yenye gramafoni. Baba yangu alikuwa na santuri nyingi kuliko sahani.

Mwana wa Khwisero
Kuna neno hapa limeniuma na naona kila mtu analiruka. "Yanashindwa na chupa." Kawangware, ulisema ukidhani unasifu, lakini umeifanya chupa kuwa kichekesho.

Baba yangu mdogo alipiga omutibo, gitaa letu la Waluhya. Vidole viwili tu: gumba linashika besi, cha shahada kinaimba. Mtu wa chupa anakaa ubavuni pake. Chupa ni ile ya Fanta yenye mistari, anapitisha msumari kwenye mistari halafu anaigonga shingoni, na hiyo ndiyo saa ya wimbo wote. Nimemwona baba mdogo, kwenye matanga, amesimamisha wimbo katikati na kumfukuza mtu wa chupa mbele ya watu kwa kuchelewa kidogo tu, hata sisi hatukusikia. Msiseme "gitaa na chupa" kama mtu anayesema chai na mandazi.

Kidole Gumba
Lakini ndugu, huoni hicho ndicho ninachosema kuhusu mbao?

Mwana wa Khwisero
Hapana. Chupa ilizaliwa nyumbani. Mbao zenu mmezitoa kwenye karatasi.

Nyar Gem
Ndugu zetu wa Magharibi mnazungumza kana kwamba gitaa lilizaliwa Khwisero likaja Nairobi kwa basi la usiku. Gitaa la Kenya linaloitwa gitaa ni benga, muziki wetu Waluo, na benga ni nyatiti, ala yetu ya nyuzi. Nyuzi zake nane zilihamishiwa kwenye gitaa, kidole kwa kidole. Sikiliza Misiani na bendi yake ya benga, Shirati Jazz, sikiliza gitaa la mbele linavyokimbia na besi linavyojibu. Kama mnatafuta mtu wa kuagiziwa kazi mpya, anzeni kwa wapiga nyatiti.

Mwana wa Khwisero
Dada, Misiani alizaliwa Shirati, na Shirati iko Tanzania.

Nyar Gem
Na mpaka uliwekwa na nani? Nyanya yangu aliuvuka akiwa na kikapu cha samaki kichwani na hakuna aliyemwambia amebadilisha muziki. Usinirudishe shule.

Fundi wa Jericho
Nyote wawili mnamsahau Mkongo. Kuna mzee aliyekuja hapa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwenda, Jean-Bosco. Marehemu baba alikuwa akisema alimsikia redioni akipiga gitaa kwenye tangazo la dawa ya kichwa. Vijana wote wa gitaa kavu, lile lisilo la umeme, wakawa wanajaribu kupiga kama yeye.

Maktaba
Ni kweli, na dawa ni Aspro. Mwenda alikuwa mtu wa Katanga. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 akipiga "Masanga", na rekodi hiyo ilizunguka dunia. Alipokaa Nairobi aliwaathiri wengi. Kwa hiyo hata omutibo haukukua peke yake kama uyoga. Mwana wa Khwisero, George Mukabi alikuwa fundi mkubwa wa omutibo, lakini masikio yake yalikuwa wazi kwa Kongo kama ya kila mtu wa wakati ule.

Na kwa kuwa tumefika hapo: hata gitaa la klasiki limejengwa kwa kuagiza. Segovia, mpiga gitaa wa Hispania, alipoanza, gitaa halikuwa na kazi nyingi za ukumbini. Aliwaendea watunzi, akina Ponce na Torroba, wakamwandikia. Villa-Lobos wa Brazili alimwandikia mazoezi kumi na mawili. Kule Uingereza, mpiga gitaa Julian Bream alimfanya mtunzi Britten aandike Nocturnal mwaka 1963. Leo hayo ndiyo yanayoitwa ya kale na wanafunzi wanatahiniwa kwayo. Karibu na sisi zaidi, Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapiga ala za nyuzi wanne, walitoa albamu nzima ya watunzi wa Afrika mwaka 1992, na ndani yake mna kazi ya Justinian Tamusuza.

Mtoto wa Kawangware
Huyo Tamusuza ni Mkenya?

Maktaba
Mganda.

Mtoto wa Kawangware
Basi hata mfano wetu tunauazima Uganda. Na umetutajia Wazungu kadhaa kabla hujafika Kampala.

Maktaba
Nimewataja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ukitaka lingine ambalo litakuudhi zaidi, Steve Reich, Mmarekani, aliandika kazi ya gitaa mwaka 1987, Electric Counterpoint, na sauti anayoijenga mwanzoni aliitoa kwenye muziki wa baragumu wa Afrika ya Kati. Inapigwa kila pembe ya dunia. Wao wanachota kwetu wanaandika kazi mpya, sisi tukiandika kazi mpya kwa vitu vyetu tunaambiwa tunaiga. Hilo linaniuma mimi, na naandika nikiwa na hasira.

Nyar Gem
Hapo Maktaba umesema. Nimeishia hapo kusoma leo.

Mama Wawili, Umoja
Hodi humu ndani. Binti yangu ana miaka kumi na minne, anajifunza gitaa mwaka wa tatu sasa. Nimemnunulia gitaa la mtumba, na nyuzi zikikatika nabana matumizi mengine. Nyinyi watu wazima mnagombania Khwisero na Shirati, na mtoto anapiga vitu vya Hispania tu kwa sababu hivyo ndivyo vilivyo kwenye vitabu vya mtihani. Aliniuliza, "Mama, hakuna kitu cha gitaa kilichoandikwa na mtu wa kwetu, chenye nota, niweze kukisoma?" Sikuwa na jibu. Baba mdogo wa Khwisero hakuandika. Mtu wa nyatiti hakuandika. Sasa watu wanne wameandika, na nyinyi mnatoka katikati?

Mwanangu, Kidole Gumba, hizo karatasi tunazipata wapi?

Kidole Gumba
Mama, niandikie pembeni nitakutumia karatasi ya gitaa la nne la kipande cha mwisho. Ni nyepesi na ni tamu. Mtunzi hatakataa, nitamwomba ruhusa leo.

Mtoto wa Kawangware
Mama, shikamoo. Mimi nilitoka, ni kweli. Lakini mke wangu alibaki mpaka mwisho, na tulirudi nyumbani kwenye matatu moja bila kusemezana. Sipingi mtoto apate karatasi. Napinga serikali imlipe mtu aandike kitu ambacho watu hawakiombi, na hospitali hazina glavu.

Mwalimu wa Buruburu
Ahsante Kawangware, angalau umerudi kwenye swali. Sasa nikujibu. Kuagiza muziki si jambo geni hapa. Kila mwaka kabla ya tamasha la muziki la shule, shule zinatafuta watunzi na wafunzaji na kuwalipa. Najua kwa sababu nimekaa kwenye mikutano ya kupitisha malipo hayo. Mwanasiasa akitaka wimbo wa kampeni analipa, na haulizi kama watu waliuomba. Na wimbo wa taifa wenyewe? Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano ilipewa kazi, wakaichukua bembelezi ya Wapokomo wakaitengeneza, ndiyo Ee Mungu Nguvu Yetu. Ni kazi iliyoagizwa na umma. Nani hapa anasema pesa zile zilitupwa?

Mwana wa Khwisero
Mwalimu, umejijibu mwenyewe. Walianza na wimbo ambao mama wa Kipokomo alikuwa akimwimbia mtoto, hawakuanza na kugonga mbao.

Fundi wa Jericho
Yule mama alilipwa?

Mwalimu wa Buruburu
Fundi, hilo ni swali zito na linastahili mjadala wake.

Fundi wa Jericho
Kwangu ni huu huu. Mnasema mtunzi alipwe kabla ya kuandika, vizuri. Kwenye hicho kipande cha tatu, ile midundo, aliitoa wapi? Kama ni ya mtu, mtu huyo alipewa nini? Mimi ni fundi wa viti na meza. Mteja akiniletea mti wake mwenyewe, bei inabadilika.

Kidole Gumba
Fundi, nimempigia mtunzi kabla ya kukujibu, nisiseme uongo. Amesema sehemu ya kugonga aliijenga juu ya kitu alichokuwa akikisikia utotoni kwa jirani yao, mzee aliyekuwa akipiga gitaa na mwenzake wa chupa. Hakumbuki jina la mzee. Kugonga ubavuni mwa gitaa ndiko kunakoshika nafasi ya chupa.

Mwana wa Khwisero
Kwa hiyo ni chupa.

Kidole Gumba
Ni chupa.

Mwana wa Khwisero
Na mmekaa kimya siku nne mkiniacha nipigane na mbao!

Mtoto wa Kawangware
Kama ni chupa, kwa nini wasilete chupa? Ningekaa.

Nyar Gem
Ungetoka tu, Kawangware. Wewe ulitaka Malaika.

Mtoto wa Kawangware
Dada, Malaika ni wimbo ambao mama yangu aliuimba akifua. Uuache.

Nyar Gem
Nimeuacha. Samahani kwa hilo, kweli.

Kidole Gumba
Mwana wa Khwisero, baba yako mdogo bado yupo? Tunarudia vipande hivyo mwezi ujao. Nimezungumza na wenzangu na mtunzi, tungependa aje kwenye mazoezi Ijumaa moja, asikilize cha tatu, atuambie tunapochelewa. Na kama kuna mtu wa chupa, aje naye.

Mwana wa Khwisero
Yupo, yuko Kangemi kwa binti yake. Macho yameanza kumsumbua lakini vidole viko. Nimempigia sasa hivi. Ameuliza mambo matatu. La kwanza, nyuzi mnazituni vipi, kwa sababu yeye uzi mmoja anaupandisha kuliko watu wengine. La pili, kama mtamtaka kusoma karatasi, hatasoma. La tatu, analipwa na nani, na kabla au baada?

Kidole Gumba
Hasomi, anasikia. Nauli ya watu wawili naituma leo, na malipo ni kabla, sawa na mtunzi.

Mwana wa Khwisero
Amesema chupa atakuja nayo yake.